Ijumaa za Fundi Fikirini

Kabla hajashika spana, Fundi Fikirini hulaza chupa chini. Ni chupa ya soda ya plastiki, imetiwa maji nusu na kukazwa kizibo, na maji hayo yamekaa humo miaka mingi hata yameota ukijani. Huilaza mbele ya gari, akachuchumaa, akatazama maji yanaegemea upande gani. Kisha huilaza ubavuni mwa gari. Uwanja wake uko Newala mjini, upande wa ukingoni, pale ardhi inapoanza kuinamia bonde la Ruvuma, na yeye hakubali kupima oili ya gari lililoinama. Atachomeka ubao chini ya tairi, atalisogeza gari nusu hatua, atalaza chupa tena. Mteja mwenye haraka anaweza kunywa chai, akaimaliza, akaagiza nyingine, na fundi bado yuko na chupa yake.

Watani, na Newala watani hawajawahi kuadimika, husema mji huu hauna maji kwa sababu Fikirini ameyafungia kwenye chupa. Wengine humwita Fundi Kesho. Yeye hucheka nao, maana kununa hakujui, ila mwendo wake haubadilishi. Ana miaka sitini na mmoja, mwembamba, kofia yake ya kufuma imeshiba oili hadi haijulikani ilikuwa ya rangi gani. Ukimsikia anajisifu, ujue umemfananisha na mtu mwingine.

Oliva, ambaye wengi humwita Mama Dickson, hakuwa na subira ya chupa siku alipoingia pale na pikapu yake. Ilikuwa mwezi wa kumi, jua kali, korosho zimeanza kuanguka na maji yamekwisha. Pikapu hiyo aliinunua Nanganga, kwa mfanyabiashara wa mazao, baada ya misimu sita ya kujinyima. Ilikuwa ya otomatiki, kitu adimu huku kwetu, na saa yake ya kilomita ilifika laki nne na themanini elfu, kisha ikachoka kuhesabu. Nyuma ilibeba tanki la plastiki la lita elfu moja. Kila siku ilishuka mteremko hadi visima vya bondeni, ikajazwa, ikapanda tena, ikaenda Chilangala kwenye nyumba kumi na nne zilizokuwa zikimtegemea. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama yake, Bibi Agatha.

Kazi hiyo haikuwa ya biashara tu. Watu wa Chilangala huvuna maji ya mvua kwenye visima vya saruji majumbani, na yakishaisha, mwanamke hujitwika ndoo na kuifuata njia ya bondeni. Oliva alikulia kwenye njia ile. Shingo yake bado inaikumbuka, na alikuwa ameapa kwamba akina mama wa zile nyumba kumi na nne hawataipanda tena maadamu gari lake linatembea.

Sasa gari lilianza kugoma kutembea. Mlimani injini ilinguruma bure, pikapu ikapoteza nguvu kama mtu aliyesahau alichokuwa anakifuata, kisha gia ikashika kwa kishindo kilichotikisa tanki zima. Fundi mmoja wa Masasi alimwambia dawa ni moja: oili ya gia boksi imwagwe yote, isukumwe kwa mashine hadi tone la mwisho, iwekwe mpya, na gari litarudi ujana. Oliva akanunua palepale madumu mawili ya oili mpya, ya lita tano kila moja. Kwa Fikirini alikuja kwa sababu alikuwa karibu, na gari gonjwa halipelekwi mbali.

Alimsalimu shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaieleza kazi yote kwa pumzi moja na kushusha madumu yake. Fikirini akaenda kuchukua chupa. Oliva akakaa juu ya tairi kuukuu, akafunga mikono kifuani, akatazama pembeni.

Gari lilipokaa sawa na injini ilipopata moto, fundi alichomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa kwenye karatasi nyeupe, akanusa. Akasugua oili kwa vidole viwili, akanusa tena. Ilikuwa nyeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, lakini haikunuka kuungua. Akauliza mara ya mwisho ilibadilishwa lini. Oliva hakujua, na aliyemuuzia hakujua pia. Basi Fikirini akasema atamwaga ile tu itakayotoka kwenye sampo, lile bakuli la chuma la chini ya gia boksi, kama theluthi ya oili yote hivi, na atarudisha kiasi kilekile cha mpya. Gari litembee wiki mbili, afanye tena. Litembee nyingine mbili, afanye mara ya tatu. Atamlipisha kazi moja.

Oliva alimwona mzee anamchezea. Oili ya kutosha kazi nzima ilikuwa palepale miguuni pake, mpya, haijafunguliwa. Akamuuliza bila kuficha kama anaogopa mashine au anapenda tu kazi isiishe.

"Mama Dickson," Fikirini alisema, "kile kisima cha mama yako kule Chilangala, kiangazi huwa mnakikomba mpaka sakafu?"

Oliva alijibu kama ambavyo angejibu mtoto yeyote wa kule. Hapana, huachwa maji ya shibiri moja, hata kama ni machafu, hata kama watu wana kiu. Saruji ikikauka kabisa kwa jua la mwezi wa kumi hupasuka, na mvua ya kwanza yote hunywewa na udongo. Bibi Agatha aliwahi kumchapa kwa kosa hilo.

Fikirini akasema gia boksi iliyozeeka nayo ni hivyo. Sahani zake za ndani zimelika, na huo uchafu uliomo kwenye oili ya zamani ndio unaozisaidia kushikana. Ukiikomba yote siku moja, zinabaki kuteleza. Kisha akaongeza jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi hata kwa viboko: kwamba hata kwa njia yake anaweza kuiharibu, ila kwa ile ya kumwaga yote alikuwa na uhakika zaidi wa kuiharibu.

Oliva akauliza uhakika huo kaupata wapi. Fikirini alipangusa kijiti ambacho kilikwisha kupanguswa, akakirudisha mahali pake. Kisha akamwelekeza nyumba ya Mujibu, nyuma ya soko, aende aombe kuonyeshwa pikapu. Akirudi na bado anataka yote imwagwe, basi atamsaidia kutafuta fundi mwingine.

Hasira ndiyo iliyompeleka Oliva kwa Mujibu, na hodi yake ilikuwa ya mtu aliyekuja kugombana. Alipokewa na Mujibu mwenyewe, mzee anayetembea kwa mkongojo, mume wa Fatu, dada yake Fikirini. Alipotaja pikapu, Mujibu alimzungusha hadi kwenye banda la nyasi upande wa barabarani. Pikapu ilikuwepo. Tairi zilikwisha upepo. Tetea mmoja alikuwa amelala juu ya boneti, na kwenye kiti cha dereva kulikuwa na mayai saba juu ya majani makavu.

Mujibu alisimulia akiwa ameegemea mlango wa gari. Miaka kumi na miwili iliyopita pikapu hiyo, nayo otomatiki, ilikuwa ikibeba maji kama ya Oliva. Ilipoanza kuteleza, Fikirini aliichukua. Enzi hizo alikuwa fundi mwenye sifa na haraka, na akaona jambo la heshima kumfanyia shemeji yake kazi iliyokamilika. Akamwaga oili yote, akasafisha kila kona, akaweka mpya inayong'aa. Siku ya pili gari likafia mlimani na halikushika gia tena.

"Alfajiri, kabla sijamtafuta, alikuwa mlangoni," Mujibu alisema. "Hakusema oili ilikuwa mbovu. Hakusema gari lilikuwa limechoka. Alisema, nimekuharibia gari, shemeji."

Kisha likaja la baiskeli. Nyumba ile ilikuwa na watu tisa, na gari lililokuwa likiwaletea maji limekufa. Fikirini akafunga madumu manne kwenye baiskeli yake, akashuka bondeni, akapanda akiisukuma, na akafanya hivyo kila siku ya Mungu hadi mvua zilipoanza. Mujibu akamwambia imetosha. Fikirini akakubali, kwa namna yake. Kiangazi kilichofuata akaja siku ya Ijumaa kabla ya sala, na madumu mawili, ili watu wa nyumba wapate maji ya kutawadhia. Akaja Ijumaa ya pili. Amekuja kila Ijumaa ya kila kiangazi tangu hapo, na akiambiwa aache husema alikuwa anapita tu. Anapita tu, na lita arobaini za maji nyuma ya baiskeli!

"Na hupitia upande wa jikoni," Fatu alisema kutoka kibarazani alikokuwa akichambua mboga. "Upande huu wa banda hajakanyaga. Hawa kuku anawajua kwa sauti."

Mujibu alipapasa boneti kama mtu anavyopapasa mgongo wa ng'ombe. Alisema hajawahi kumdai shemeji yake kitu, wala moyoni hana kinyongo, na kwamba jambo hilo amelisema kwa kila njia anayoijua. Hakujua alisemeje zaidi ili liingie.

Oliva alirudi taratibu. Hasira ilimwisha njiani, na badala yake alihisi aibu kidogo kwa yale maneno ya kuogopa mashine. Alimkuta Fikirini amekaa palepale, madumu hayajaguswa. Akamwambia afanye anavyojua.

Ni vizuri kumwona mtu anayeijua kazi yake. Fikirini aliinua gari, akaweka magogo chini na mawe nyuma ya tairi, akajaribu kulitikisa kwa bega kabla hajaingiza hata kichwa. Alilegeza bolti za sampo akianzia kona moja, ili oili itoke kwa kuegama na isimwagike ovyo. Ilitiririka kwenye beseni, nyeusi na nzito. Aliipima kwa chupa aliyoichora alama mwenyewe: lita tatu na nusu. Aliiandika namba hiyo kwa chaki juu ya bampa, asije akaibishia baadaye. Ndani ya sampo kulikuwa na sumaku ndogo iliyovaa ujiuji wa chuma, laini kama majivu. Alimwita Oliva ausugue kwa vidole vyake. Ungekuwa na vipande vinavyochoma, alisema, angempa pole badala ya kumwekea oili.

Chujio alilisuuza kwa petroli, sampo akaipangusa kwa kipande cha shuka kuukuu kisichotoa nyuzi, bolti akazikaza kwa zamu, hii na ile inayoitazama. Kisha akamimina ya mpya. Lita tatu na nusu, na tone la mwisho akalingojea kwenye mdomo wa chupa. Akawasha injini, akapitisha gia moja baada ya nyingine, kila moja akihesabu hadi tano kwa sauti ndogo. Chupa ikalazwa tena, kijiti kikachomolewa. Oili ilisimama kwenye alama ya juu kabisa, na akamwonyesha Oliva: gari likiwa na moto, iwe hapa. Oili iliyobaki akamrudishia, lita moja na nusu kwenye dumu lililofunguliwa na lile jingine zima, akamwambia ni mali yake, aitunze hadi wiki mbili zipite. Kama tunamtafutia kosa, kosa lake ni hapo. Alimwonyesha alama ya gari lenye moto, akasahau kumweleza ile ya gari lililolala baridi.

Pikapu ilibadilika. Haikuwa mpya, lakini kishindo kilipungua, na mlimani gia ilishika kama inayokumbushwa na mtu mpole. Chilangala walipata maji yao. Oliva alianza kuimba tena akiendesha, jambo ambalo Bibi Agatha alisema halikuwa na sababu ya kurudi.

Ijumaa ya pili, mapema asubuhi, Oliva aliamua kuipima oili mwenyewe. Alikuwa amemwona fundi, hakuona ugumu. Aliwasha injini, na ingali baridi akachomoa kijiti. Oili ilikuwa chini sana ya ile alama aliyoonyeshwa.

Hapa ni lazima umjue mtu wa Newala. Chombo kisichojaa humwasha. Amekulia mahali ambapo sufuria, ndoo, pipa, hata bakuli lililovunjika mdomo huwekwa chini ya bati kukiwa na wingu, na kitu kilichobaki nusu ni dhambi ya mtu fulani. Oliva aliutazama ule upungufu na mkono wake ukaenda kwenye dumu wenyewe. Akamimina. Akapima, akamimina tena hadi ikagusa alama. Dumu likabaki na kidogo, na kidogo hicho nacho hakukionea faida kukiacha, akakimalizia humohumo, kiwe cha njiani. Lita moja na nusu yote. Dumu tupu akalitupa nyuma ya kiti, akashuka bondeni kuchota.

Kupanda, na tanki limejaa, pikapu ilifika katikati ya mteremko ikaanza kuteleza vibaya kuliko siku zote. Injini ikapiga kelele, gari likasimama, likaanza kurudi nyuma. Oliva alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Moshi mweupe ulipanda kutoka chini, wenye harufu ya oili inayoungua kwenye bomba la moshi. Aliruka, akasukumia mawe nyuma ya tairi, akachungulia. Oili yenye povu ilikuwa ikichuruzika barabarani.

Alimpigia fundi simu. Alisema tu kwamba gari limefia mlimani. Fikirini akasema anakuja.

Wakati huo alikuwa uani kwake, madumu mawili yamekwisha kufungwa kwenye baiskeli. Aliiacha imeegemea ukuta, akachukua mfuko wa vifaa na kupanda bodaboda. Oliva alimwona akishuka mteremko akiwa nyuma ya kijana wa pikipiki, kofia kaishika mkononi. Alipotua hakwenda kufungua boneti. Alizitazama zile alama za oili barabarani, akanusa moshi, na uso wake ukazeeka pale pale.

"Nimekuharibia gari, Mama Dickson," alisema.

Oliva hakuwa ameulizwa kitu. Lawama ilikuwa imebebwa yote na mtu mwingine, tena kwa hiari, na yeye alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Akinyamaza, huyu mzee atatengeneza bila malipo, atakesha, atatafuta gia boksi hata Masasi kwa miguu. Na ikishindikana ataongeza Chilangala kwenye safari za baiskeli yake, nyumba kumi na nne, mpaka siku watakapomzika. Oliva alimwona kabisa akiisukuma. Mficha uchi hazai, na hapo alipokuwa alitamani sana kuuficha wake.

"Si wewe, fundi," alisema. "Niliongeza oili asubuhi. Niliona imepungua."

Fikirini alimtazama kama asiyeelewa lugha. "Gari likiwa baridi?"

"Baridi. Nikaijaza mpaka alama. Na iliyobaki nikaimalizia."

Fikirini alikaa chini, kando ya barabara, juu ya mchanga. Alijifunika uso kwa ile kofia. Mabega yake yalitikisika, na Oliva, ambaye alikuwa akingoja kukaripiwa, hakuweza kujua kama mzee analia au anacheka. Pengine yalikuwa yote mawili. Miaka kumi na miwili alikuwa akingoja gari jingine life mkononi mwake, na alipoambiwa limekufa, aliamini bila kuuliza swali hata moja.

Aliposhusha kofia alikuwa fundi tena. Akasema oili ikizidi hukorogwa na vyuma vya ndani hadi inakuwa povu, na povu halisukumi kitu. Ikipoa itatulia. Kama sahani hazijaungua, bado kuna gari. Akauliza dumu lile liko wapi, na Oliva akalitoa nyuma ya kiti. Mlimani pale chupa ya kupimia usawa haikuwa na kazi, lakini dumu tupu lilikuwa na ushahidi wote: lita moja na nusu iliingia, basi kipimo cha kutoa kinajulikana.

Walingoja ipoe. Wakati huo akina mama wanne walikuwa wakishuka na ndoo tupu kwenda bondeni, na Fikirini akamwomba Oliva apunguze mzigo. Oliva akafungua bomba la tanki, ndoo zao zikajaa palepale katikati ya mlima, wakageuza kurudi nyumbani wakiwa na shukrani na utani. Wakaja wengine kwa habari waliyoisikia njiani. Alipofunga bomba, tanki lilikuwa nusu. Alilitazama, likamwasha kidogo, akaliacha hivyo.

Fikirini aliingia uvunguni, akalegeza bolti za kona moja ya sampo, akaikinga oili ndani ya lilelile dumu tupu. Alizikaza kabla oili haijatimia lita moja na nusu, akaacha kidogo kufidia iliyomwagika barabarani. Kisha akaketi kando ya dereva, akaweka kiganja chake juu ya sakafu ya gari, karibu na gia, akamwambia Oliva awashe, ahesabu hadi tano, na asikanyage mafuta kwa hasira.

Pikapu ilisita. Oliva alihesabu, na alipofika nne alihisi gia inashika chini yake. Mawe yakabaki nyuma. Walipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kona baada ya kona. Fikirini alikuwa amefumba macho, kiganja kikiwa bado pale chini. Walipofika juu, barabara ikanyooka na mjini kukaonekana, aliutoa mkono na kuupangusa kwenye suruali.

Oliva alitakiwa anyooshe kwenda Chilangala. Akakata kuelekea sokoni.

"Leo ni Ijumaa, fundi," alisema, "na baiskeli yako iko nyumbani."

Gari halipiti upande wa jikoni kwa Mujibu. Lina njia moja tu ya kuingilia, na Oliva akaifuata hadi mbele ya banda, akazima injini karibu na ile pikapu ya kuku. Fatu alitoka na ndoo mbili. Mujibu alikuja na mkongojo wake, akalizunguka gari, akaligusa tanki, akamwangalia shemeji yake aliyekuwa bado amekaa ndani.

"Leo maji yamekuja na gari," Mujibu alisema.

Fikirini alifungua mlango na kushuka. "La Mama Dickson," akasema. "Nililibadilisha oili. Halijafa."

"Nimeliona." Mujibu aliegemea mkongojo wake. "Basi baiskeli ipumzike, shemeji."

Fikirini alizijaza ndoo mwenyewe, akazipeleka ndani mwenyewe. Aliporudi alisimama mbele ya banda, na kwa mara ya kwanza aliitazama pikapu ya Mujibu kutoka bampa hadi nyuma. Tetea alimtazama pia. Kisha adhana ikasikika, na wale wanaume wawili wakaenda kutawadha kwa maji ya tanki la Oliva.

Chilangala walipata nusu tanki siku ile, nusu nyingine kesho yake, na Bibi Agatha akasema maneno yake kuhusu watu wanaojaza vitu wasivyovijua. Oili ilibadilishwa mara ya pili na ya tatu, kila mara lita tatu na nusu kwa lita tatu na nusu, na mvua za Desemba zilipofika pikapu ilikuwa bado ikipanda. Lakini hayo ni ya baadaye.

Ijumaa iliyofuata, kabla ya sala, Fikirini alifika kwa Mujibu na baiskeli kama kawaida. Hakupitia jikoni. Nyuma ya baiskeli, mahali pa madumu, alikuwa amefunga sanduku la spana. Aliegemeza baiskeli kwenye nguzo ya banda, akasalimia, akatoa chupa yake ya maji nusu na kuilaza mbele ya zile tairi zilizokwisha upepo. Akachuchumaa kutazama.

Fatu akaja na ungo, akaanza kuhamisha mayai.